Pamba Kati ya Mbao

Aliyenivunja mgongo ni kontrakta, na mpaka leo anakaa kiti cha mbele kanisani. Simtaji jina, akisoma atajijua. Mjengo ulikuwa Hurlingham, ghorofa ya nne, na jukwaa tulilosimama juu yake lilifungwa kwa kamba ya katani iliyooza. Nilipoanguka, akasema nilikuwa nimelewa. Mimi, ambaye sijawahi kuonja hata busaa. Wenzangu wakatikisa vichwa wakakubali, maana kesho yake walitaka kazi. Hao pia sijawasahau.

Nililala miezi minane chumba cha nyuma River Road, juu ya duka la rangi. Mke wangu alivumilia mitatu, akarudi kwao. Nilikuwa naangalia dirisha na kupanga jinsi ya kulifikia, na si hewa niliyokuwa nataka.

Kilichoniinua ni mashua. Wakili mmoja mstaafu wa Kitisuru alikuwa anajengewa mashua ya mbao nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la mabati, ije ipelekwe baharini kwa lori. Alikuwa amemleta mzee fundi kutoka Pwani, na mzee alihitaji msaidizi. Nilikwenda na mkongojo. Mzee akaniangalia, akacheka.

"Nimeomba fundi, nimeletewa mgonjwa. Haya, mwanangu, kaa hapo chini upige msasa. Aliyekaa chini haanguki."

Nikakaa. Wiki ya tatu nikaweza kupiga magoti. Mwezi wa pili nikasimama kumshikia taruma, ule ubavu wa mashua, yeye akigongomea. Siku moja nikafika kazini nikakumbuka mkongojo nimeuacha nyumbani. Nikaanza kupata usingizi. Wakili naye, siku aliyoamka vizuri, akaniwekea mkono begani.

"Siku ya kuishusha, wewe ndio utaingia nayo majini. Wa kwanza."

Mimi sijawahi kuona maji ambayo huoni ng'ambo yake. Hiyo ahadi niliila asubuhi na jioni.

Kati ya ubao na ubao mzee aliacha nafasi, akaijaza pamba iliyochovywa mafuta ya papa. "Usiikaze sana," aliniambia. "Ubao ukinywa maji hunenepa. Ukiunyima nafasi, utaitafuta wenyewe."

Mzee alifukuzwa Desemba. Kosa lake ni kumwambia mke wa wakili, mbele ya wageni, kwamba rangi aliyochagua ni ya jeneza. Januari jua likakausha mbao, nafasi zikapanuka mpaka kidole kikapita. Wakili akaja na marafiki, glasi mkononi.

"Fundi, hii ni nini? Hata kuku anaweza kutoroka hapa."

"Zitajifunga zikiingia majini, mkubwa. Mzee alisema tuache pamba."

"Mzee, mzee. Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Kwa hivyo wewe na huyo mzee, hata mkijumlishwa, hamfiki fomu wan!"

Marafiki wakacheka mpaka mmoja akajimwagia kinywaji.

"Toa hiyo pamba. Jaza mbao ngumu na gundi. Nataka hata nywele isipite."

Nikatoa. Nikachonga vipande vya mvule, nikavipigilia wiki mbili nzima, na kila pigo nilijua ninachofanya. Wakili akapitisha kiganja, akafurahi kama mtu aliyenunua meza. Ningeweza kubisha tena. Niliogopa kukosa safari.

Siku ya lori nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa shati la kanisani. Kwenye kiti changu, kando ya dereva, alikaa mbwa wao mweupe, na mto wake.

"Fundi, mgongo wako hautaweza hiyo barabara," mke wa wakili akasema kutoka kwenye gari lake. "Tutakutumia picha."

Wakili alikuwa hapo hapo. Akaangalia saa. Bado ningeweza kumwambia: toa vile vipande, vitaipasua. Sentensi moja tu. Nikawafungulia geti.

Picha haikuja. Siku ya tatu, mchana, nikiwa River Road nanunua misumari, simu ikalia.

"Fundi! Mbao zimesukumana, misumari inang'oka, mataruma mawili yamevunjika! Umefanya nini?"

"Nilifanya ulivyosema, mkubwa. Hata nywele haipiti."

"Panda basi leo. Nauli natuma."

"Mgongo hautaweza."

Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu kinavuma.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Ni bahari, fundi. Tafadhali, wacha..."

"Piga magoti uweke simu karibu na maji."

"Ati nini?"

"Ama nikate."

Alipiga magoti. Najua, maana nilimsikia akigumia. Halafu ikaja ile sauti: kama randa ndefu inayosukumwa juu ya ubao, inafika mwisho, inatulia, inarudi. Nilisimama mlangoni pa duka, wenye mikokoteni wakinitukana niwapishe. Sikuwapisha. Nilimwacha kwenye magoti yake mpaka niliposhiba.

Sikumwonea huruma. Niliionea huruma mashua. Ndiyo iliyonisimamisha, na mkono ulioipasua ni wangu. Nikiwasema kontrakta na wakili, nijiseme na mimi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza. Shika kalamu."

Nikaanza kumsomea namba ya simu ya yule mzee. "Umwombe msamaha kwanza. Halafu umwombe pamba." Nilimsomea tarakimu moja moja, polepole, kama mtu wa darasa la sita, na kila aliposema ameandika, nikamwambia anirudishie kuanzia mwanzo.