Siku Niliyompiga Jirani Juu ya Tuta

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu nizaliwe sijawahi kumpiga mtu mzima ila mmoja. Nilimpiga juu ya tuta, mchana kweupe, na alikuwa na umri wa mama yangu.

Tunaishi Bunju, bondeni. Mume wangu na mie tulinunua kiwanja wakati wa kiangazi, hatukuuliza maji hupita wapi. Masika ya kwanza yalitujibu: korongo linaloshuka kutoka mashambani lilifurika, tukaamka magodoro yanaelea. Tuliteseka hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka wakazi tulipokubaliana kuliziba korongo kwa tuta la udongo. Kijiko, lile mtambo la kuchimbia, kilikuja kikachimba, malori yakamwaga udongo mwekundu, sie tukashindilia. Chini ya tuta mafundi waliweka kalavati, bomba pana la zege, ili maji ya mvua yazuiliwe nyuma, kisha yatoke kidogo kidogo bila kutudhuru. Kiangazi bwawa hilo la nyuma ya tuta lilikuwa kavu kabisa, mbuzi wakichungwa humo ndani.

Pale tuta linapoishia, juu kidogo, palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane kutoka Mtwara, mpika vitumbua. Mafuriko hayakuwahi kumfikia. Wakati tuta linajengwa ndiye aliyewapikia mafundi, na wakati wa kula alikaa nao akiwauliza maswali mpaka sie tukamcheka. Mama wa vitumbua na mambo ya kijiko wapi na wapi?

Jumamosi niliyompiga ilikuwa katikati ya masika, lakini Bunju hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka, nami nilikuwa nafua uani. Mvua ilikuwa imenyesha huko bara, mbali na sie, na maji yalikuwa yakishuka kimyakimya. Ndani nilikuwa na wanangu wawili na mama mkwe wangu, ambaye miguu yake haimbebi. Niliinua kichwa kuanika shuka, nikamwona yule mama juu ya tuta. Kanga kaikaza kiunoni, jembe mkononi. Anachimba.

Nilitupa shuka nikapanda mbio, miguu mitupu. Nilipomfikia hata shikamoo sikumpa.

“Mama! Unafanya nini? Watoto wetu wako chini!”

Hakugeuka. “Ondoka hapo, mwalimu, utateleza.”

Nilishika mpini wa jembe. Akauvuta. Nikauvuta tena, na aliponitazama usoni bila kuuachia, nikampiga kofi.

Mlio wake bado naujua. Kilemba kilimdondoka, nikaona mvi zake, na mkono wangu ukabaki hewani kama si wangu. Yeye alishika shavu, akavuta pumzi.

“Umeshanipiga,” akasema. “Sasa niachie jembe. Halafu tazama nyuma yako.”

Niligeuka. Tangu nipande nilikuwa namtazama yeye tu, sikuwa nimeyatazama maji. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Kati ya maji na mgongo wa tuta palibaki upana wa kiganja. Upande wetu wa chini, kwenye majani, maji ya tope yalikuwa yanabubujika kutoka ndani ya udongo.

“Kalavati limeziba,” akasema, tayari anachimba. “Godoro na viroba, nimejaribu kuvivuta nikashindwa. Maji yakipanda mgongoni, tuta zima linaondoka kwa mara moja. Fundi aliniambia. Hapa pembeni, kwenye ardhi ngumu, ndipo walipoacha mtaro wa kupunguzia maji. Nyie mkaufukia.”

Ni kweli. Tuliufukia kwa kifusi ili bodaboda zipite. Mume wangu mwenyewe alibeba ndoo.

Ndipo nikaona mtaro unakoelekea. Ulipita kando ya tuta, ukagusa ukuta wa jiko lake, ndipo ukashukia korongoni.

“Mama, nyumba yako!”

“Naiona. Piga kelele watu waje.”

Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Watu walikuja na machepe, wengine wakakimbilia bondeni kuwatoa wagonjwa na watoto. Mama mkwe wangu alitolewa kwenye kiti cha plastiki. Nilichimba kwa mikono, nikizoa vipande vya matofali mpaka kucha zikatoka damu. Kifusi kilipobaki kidogo, mama akaniambia, “Kimbia chumbani kwangu. Chini ya kitanda kuna begi jekundu. Lilete hilo tu.”

Nilikimbia. Nilivyokuwa nimechanganyikiwa, nilirudi nimekumbatia kikaango cha vitumbua. Alikitazama, akanitazama. Nilipotaka kurudi wanaume walinizuia, maana maji yalikuwa yamepata njia.

Yalianza kama mkojo wa mtoto. Punde yakawa na sauti. Ukuta wa jiko uliinama taratibu ukalala, kisha chumba kikafunguka, tukaona kitanda chake kikitoka na neti yake, kikaenda. Mama alisimama na jembe begani. Hakulia. Nililia mie, kwa sauti, kama niliyefiwa.

Kufikia alasiri maji yalikuwa yameshuka. Tuta lilisimama. Hakuna nyumba hata moja ya bondeni iliyoingiwa na maji.

Yule mama alikaa kwetu, chumba kimoja na mama mkwe, wakiongea mambo ya kusini na ya bara mpaka usingizi uwachukue. Jioni ya kwanza nilipiga magoti mbele yake. Nikasema mama, nisamehe, sikujua.

“Mwalimu,” akanijibu, “uliniumiza. Usinilazimishe niseme hukuniumiza.” Kisha akaomba maji ya moto ya kuoga.

Wakazi walimjengea vyumba viwili vya matofali ya saruji, mbali na mtaro. Mume wangu, ambaye ni fundi seremala Keko, alimtengenezea milango na kitanda. Kifusi hakuna anayethubutu kumwaga tena pale.

Siku hizi nikipita asubuhi kuelekea shule namwambia shikamoo, naye huitikia marahaba bila kinyongo, na mara nyingine hunifungia vitumbua vya watoto. Lakini lile neno la msamaha nililomwomba hajalitamka. Nami sijapata ujasiri wa kumwomba tena.