Bibi Aliyeziba Nyufa za Kanisa

Nakumbuka siku moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, nilipokuwa nimezuru kanisa la zamani katika kijiji kimoja mbele ya Mkonze. Nakuita mwanangu ingawa sina hata mvi. Niliyoyaona pale yamenizeesha.

Nilikuwa nikizunguka Ugogoni kuchora makanisa ya kale ya matofali ya udongo. Hakuna aliyenifundisha kuchora, kwa hiyo niliogopa kukosea, nikifuta na kurudia hadi karatasi inatoboka.

Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti, anasiriba ukuta kwa udongo na samadi. Zamani kina mama wa kanisa waliifanya kazi hiyo pamoja kila baada ya mavuno, kwa vigelegele. Sasa wenzake wamekufa, na vijana wanangoja kanisa la saruji.

"Humu nilibatizwa," alisema. "Nataka waniombee humu humu nikifa."

"Bibi, naomba huo ufa mkubwa usiuzibe kwanza. Sijamaliza kuuchora."

Akacheka hadi akakaa chini. "Haya, mchoraji! Na mvua nayo utaiambia ingoje?" Kisha akanikazia macho. "Mjukuu wangu, mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Wewe wiki nzima uko hapa, mkono wako hata tope haulijui."

Niliona aibu, lakini sikuinuka. Naye, kwa kuwa mgeni hakataliwi, akauacha ufa ule, akaziba nyingine hadi mgongo ukamgomea.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo, nami nimekwenda kijiji kingine. Niliporudi, ukuta ulikuwa tope, paa limelalia madhabahu. Bibi hakunilaumu.

"Pole na safari," alisema. "Ulimaliza?"

Sikuwa nimemaliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale hakuna aliyejenga. Mabati yalibebwa, mbuzi wakahamia, na kanisa jipya likabaki msingi. Bibi aliombewa chini ya turubai la kukodi, upepo ukilipiga hata mchungaji hasikiki.

Basi, mwanangu, ukizuru nyumba ya Mungu iliyochakaa, salimia, kisha uliza udongo unachimbwa wapi. Usingoje mkono wako uwe stadi. Siriba vibaya, lakini siriba. Sikudanganyi kwamba ukuta utasimama. Nyingi zitaanguka hata ukisaidia, na mimi sijui dawa yake.

Mungu akujalie mikono isiyoogopa kuchafuka, na siku ya kuanguka kwa ukuta asikuache umesimama pembeni.