Taa Isiyomwona Bi Zaituni

Kabla hujacheka, jua kwamba mie si mtu wa mambo ya majini. Nina kibanda changu Manzese, natengeneza vifaa vya umeme vinavyojiendesha: pampu inayojizima tangi likijaa, king'ora cha gesi ya jikoni, taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Mtu akija kuniambia nyumba yake ina mzimu, namuuliza waya alifungiwa na nani. Ndivyo nilivyo, na mke wangu anasema ndiyo maana sina marafiki. Kwa hiyo haya siyasemi kwa kuwa nayapenda. Nayasema kwa sababu yalinipata, kule Goba, jua halijazama sawasawa, na akili zangu zote ninazo.

Ilianza na simu. Mzee Shomari, mteja niliyemfungia taa barazani kwake, alinipigia akasema taa haifanyi kazi. Nikaenda. Nikapita mbele yake, ikawaka. Akapita yeye, ikawaka. Nikarudi zangu Manzese. Kesho yake simu tena: fundi, taa yako haifanyi kazi. Nikaenda nikabadilisha sensa, kile kijicho cheupe kinachohisi joto la mwili, nikidhani nimeuziwa feki. Ikawaka vizuri. Simu ikaja tena. Hapo niambie wewe, ungekuwa mie usingekasirika? Goba ile ina vilima, na mvua ikinyesha bodaboda anakushusha chini, kupanda ni shauri yako.

Safari hiyo nilienda na laptopu, nimenuna. Nikamkuta mzee anatawadha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, haifanyi kazi."

"Haifanyi kazi kwa nani, mzee?"

Akaniangalia, akajifuta uso, akasema anawahi msikitini, mie nifanye tu mpaka iwe sawa. Jumapili mwanawe anakuja kumhamishia kwake Tegeta, na yeye hawezi kuhama kabla taa haijafanya kazi. Nikajiuliza, mtu anahama, taa ya nini? Wazee wana mambo yao.

Nikaketi kwenye mkeka wa barazani, nikafungua kiboksi cha ukutani. Ndani mna bodi ndogo, inaenea kwenye pakiti ya kiberiti, na juu yake kuna chipu, ndiyo yenye akili. Unaiandikia maagizo kwenye laptopu, unayapakia kwa waya, halafu inafanya ulichoiambia, haiongezi wala haipunguzi. Ndicho ninachoipendea, maana binadamu hawako hivyo. Nikachomeka waya, nikafungua kidirisha ambacho bodi inaniandikia inachokiona: moja kama kuna mtu, sifuri kama hakuna.

Ndipo akaingia mama mmoja getini, bila hodi. Mtu mzima, maji ya kunde, amejitanda kanga, ananukia udi. Kwa kuwa hakupiga hodi nikajua ndiye mwenye nyumba. Nani mwingine anaingia kwa watu maghrib bila hodi? Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia miguuni.

"Fundi, unakanyaga mkeka na viatu."

Nikavua. Akaendelea kuvitazama mpaka nikainuka nikavipeleka nje, nikavipanga ukutani. Ndipo akasema shida yake.

"Taa yako hainioni."

Nikamwambia apite mbele yake. Akapita, haikuwaka, na kwenye kidirisha sifuri. Nikapita mie, moja. Nikamwambia apunge mkono, sifuri. Paka wa jirani akakatiza uani, moja. Kuku akarudi bandani, moja, na taa ikamwakia vizuri kabisa.

"Yaani kuku anaonekana, mie sionekani," akasema.

"Tatizo ni hizo kanga, mama. Umejifunika mno, joto halitoki."

Haki ya Mungu nilimwambia hivyo. Nikamwambia asogee. Nikamwambia asimame vizuri. Nikaongeza ukali wa sensa hadi mwisho, nikaandika maagizo upya, nikapakia, ikaanza kumwona hata panya anayepita juu ya ukuta. Yule mama, sifuri. Unajiuliza mbona sikuogopa? Nilikuwa na hasira ya kazi. Mtu mwenye hasira ya kazi mletee shetani mwenyewe, atamwambia sogea unanizibia mwanga.

Mama akachoka, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango, akashika tama.

"Kila siku naingia, nakaa hapa, naondoka. Yule mzee yupo pale gizani, hajui kama nimekuja. Nilidhani taa itamwambia."

Nikamwonea huruma. Nikawaza, hizi ndoa za miaka mingi, watu wanaishi nyumba moja mpaka hawaonani tena. Nikamwahidi nitamsema mzee.

"Msemeshe," akanijibu. "Na kama anahama, aniage."

Nikainamia laptopu. Niliposikia geti, mzee alikuwa anarudi kutoka msikitini, na kigoda kilikuwa kitupu. Nikajua mama kaingia ndani. Nikaanza papo hapo, maana mie jambo nikiwa nalo silalii.

"Mzee, mie si wa kuingilia nyumba za watu, ila mkeo analalamika. Anasema anaingia humwoni, anakaa humsemeshi. Na kama unahama, umuage."

Mzee akasimama.

"Mke wangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Huyu aliyekuwa hapa, wa kanga."

"Zaituni nilimzika kabla ya masika."

Nikasema basi labda ni jirani. Yeye alikuwa anatazama miguu yangu.

"Viatu vyako viko wapi?"

"Nje. Kanivulisha."

"Kakuvulisha nani?"

"Yeye. Kasema nakanyaga mkeka."

Mzee akaketi chini taratibu, akaweka kofia magotini. "Basi ndiye," akasema. Machozi yakawa yanamtoka, na huku anacheka. Halafu akaniinulia uso, na wivu alikuwa nao waziwazi. "Siku zote nakaa hapa nasikia harufu yake, watoto wananiambia nimechanganyikiwa. Kumbe anamtokea fundi?"

Sikungoja kujibu. Ndio kwanza akili yangu ilikuwa inamaliza kuzielewa zile sifuri. Nilitoka, na siwezi kukwambia kama nilipita getini au juu ya geti. Niliteremka kilima peku, bila viatu wala laptopu. Bodaboda akaniuliza wapi, nikasema Manzese. Akauliza Manzese ipi, nikamwambia popote penye watu wengi.

Asubuhi ikabidi nirudi, maana kazi zangu zote zimo ndani ya laptopu ile. Viatu nilivikuta pale pale nilipovipanga. Laptopu sikuiona.

"Iko uvunguni," mzee akasema. "Taa kwanza."

"Mzee, taa ile inaona joto. Marehemu hana joto."

"Wewe ndiye fundi."

"Haiwezekani, mzee wangu."

"Nilikwambia nataka taa inayowaka mtu akiingia. Zaituni si mtu?" Akashusha sauti: "Nikihama na yeye bado anakuja, atamkuta nani hapa?"

Hapo ungejibu nini? Nikavua viatu bila kuambiwa, nikaketi mkekani nikafikiri. Joto hana. Uzito sijui. Lakini udi alikuwa nao, niliunusa mwenyewe, na udi ni moshi. Begini nilikuwa na sensa ya moshi, zile ninazowekaga kwenye ving'ora vya gesi. Nikaifunga kando ya kigoda. Mzee akaitoa laptopu uvunguni, ila waya wa chaji akaushika yeye. Nikaandika agizo moja jipya: ukihisi moshi, washa taa.

Siku ile ilikuwa vituko. Jirani akakaanga samaki, taa ikawaka, mzee akainuka na kanzu yake: karibu, mke wangu. Mwingine akachoma takataka: karibu, mke wangu. Nikashinda pale napunguza ukali wa sensa kidogo kidogo, na kumzuia mzee asimkaribishe kila samaki wa Goba.

Jumapili mwanawe akaja na gari la kubebea vitu. Idrisa jina lake, mtu wa ofisini, na alinitazama jicho la kumtazamia tapeli.

"Baba, twende."

"Subiri maghrib."

"Baba, mama amefariki."

"Najua. Mie ndiye niliyemzika. Subiri maghrib."

Tukasubiri. Jirani tulimwomba asiwashe jiko, akakubali, ila alikuja kuchungulia ukutani. Mzee siku hiyo aliswali pale pale barazani. Alipotoa salamu tu, taa ikawaka.

Idrisa akacheka. "Samaki," akasema. Akabeba begi la baba yake, akapiga hatua kuingia mkekani na viatu vyake vya kung'aa, akasimama. Nilimwona pua zinamcheza. Akaliweka begi chini, akainama, akafungua kamba za viatu. Akavipeleka nje, akavipanga ukutani kando ya vyangu. Kisha akarudi akasimama mbele ya kigoda kitupu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mie safari hiyo sikuona mtu. Mzee naye hakuona, aliniambia baadaye. Lakini alikisogelea kigoda akakisemesha kwa muda, taratibu, na sikutega sikio maana hayakuwa yangu. Nilisikia ya mwisho tu, alipoinuka.

"Nahama, Zaituni. Kwa mwanao Tegeta. Twende wote."

Tukapakia mkeka, tukapakia kigoda, nikaing'oa taa na bodi yake, mie mwenyewe nikaenda kuifunga Tegeta. Kesho yake maghrib ikawaka. Mke wa Idrisa mpaka leo hajaambiwa, anajua ni king'ora cha moshi cha kumlinda baba mkwe. Anachoshangaa ni kwamba kila mgeni akikanyaga ule mkeka na viatu, anavivua mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Sasa mie. Kazi naendelea nayo, ila kila mteja wa taa namuuliza kwanza: inawaka kwa akina nani? Wengine wanaondoka. Na pale kwangu Manzese nina taa ya joto juu ya mlango, niliifunga zamani. Kila jioni nikirudi, napita mbele yake. Kuna siku inakawia kidogo, na hapo nasimama mlangoni napunga mikono, naruka, namwita mke wangu aje anishike nione kama nina joto. Watoto wanacheka. Sijali.

Nawe nakuonya. Ukipita mbele ya taa ya namna hii ikakataa kuwaka, usimpigie fundi kumtukana. Jiguse kwanza.