Debe la Evodia

Siku hiyo Evodia hakutulia. Anakaa, anasimama, anaenda kuchungulia barabara ya mnadani, anarudi. "Kigoda kina miiba?" nilimtania, maana mimi ni jirani yake na utani wetu haujawahi kumkera. Hakucheka.

Kazi yake hapa Mtinko ni kupima nafaka. Mkulima akileta mtama, Evodia anajaza debe, analigonga kwa goti mara tatu nafaka ishuke, anafuta juu kwa fimbo na kuhesabu kwa sauti, na mnunuzi analipa kwa idadi ya madebe. Miaka kumi na moja hakuna aliyebishana naye. Debe lilikuwa la marehemu mama yake, bati la mafuta ya taa la lita ishirini. Zamani mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Watu walikata juu, wakachotea maji, wakapimia nafaka, mpaka jina la chombo likawa jina la kipimo. Leo hata ndoo ya plastiki ya lita ishirini tunaihesabu kuwa debe.

Tangu msimu uliopita debe lilikuwa linalala stoo kwa Calist, mnunuzi, ili Evodia asilibebe kila mnada. Halafu juma lililopita mzee Paulo akamwambia, "Mwanangu, nyumbani nilipima madebe kumi na mawili. Kwako yametoka kumi na moja. Labda panya." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtesa Evodia juma zima.

Alikuwa amelichukua debe stoo alfajiri hiyo. Mwisho akashindwa kuvumilia, akaleta jagi la lita mbili na maji. Majagi kumi yalitakiwa yalijaze debe mpaka ukingoni. Tulimimina kumi. Bado. La kumi na moja likaingia lote. Tukamwaga maji, tukapapasa ndani, tukakuta alama za nyundo ubavu wote. Calist alikuwa amelitanua.

Nilimtukana Calist matusi ambayo siwezi kuyaandika. "Wewe hukujua," nikamwambia Evodia, "kaa kimya, nunua ndoo mpya, basi." Akanitazama kama mimi ndiye mwizi, akabeba debe, akaondoka karibu akimbie, nami nyuma yake.

Mnadani aliligeuza debe mbele ya foleni, akaeleza yote. Calist hakubabaika hata kidogo. "Sawa," alisema, "lakini msimu mzima nani alikuwa anapima?"

"Mimi," Evodia akajibu.

Watu wakaanza kufunga magunia yao, mmoja baada ya mwingine. Mzee Paulo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akakaza kamba, akapandisha gunia kwenye baiskeli. Evodia akamfuata, akapiga goti kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

Mzee akasukuma baiskeli yake, akapita. Hakuitikia.