Kishi Niliyompikia Mama Mkwe

Habari hii ningependa izikwe nami, lakini mke wangu Rispa huisimulia kila penye harusi, tena anaikosea, kwa hiyo heri niaibike kwa maneno yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Mbotela, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Bungoma. Kwao mama mkwe hali chakula nyumbani kwa mkwe wake mpaka mahari iishe, na yangu ndiyo kwanza ilikuwa imeisha, kwa hiyo mlo wa siku hiyo ndio ungekuwa wake wa kwanza kwangu, na akiondoka bila kula, Rispa ndiye angeulizwa huko nyumbani ameolewa na mtu gani.

Rispa alipokuwa anatoka kwenda kumpokea stendi aliniambia, "Baba Timo, nyama imeshachemka. Wewe kaanga, usonge ugali, basi. Usiongeze kitu."

Niliongeza. Nilikuwa na kitabu cha mapishi nilichokiokota kwa wauza vitabu vya mitumba (mimi ni mtu wa kujisomea, hata pasi ya umeme nilijifunza kuitengeneza hivyo), na humo mlikuwa na kishi, yaani pai iliyo wazi juu, ambayo mpishi huchagua mwenyewe cha kutia ndani. Nikachagua kwa makini. Kuku nikamwondoa, maana Rispa alishaniambia mama yake, kama wanawake wengi wa rika lake, hali kuku kwa mila yao. Nguruwe nikamwondoa kwa ajili ya kanisa lake. Omena, vile visamaki vinavyonuka mtaa mzima, nikaziondoa kwa ajili ya majirani. Nikabaki na ile nyama ya Rispa, nikaikata ndogondogo yote, pamoja na sukuma wiki. Jibini nilikuwa nimeinunua mjini siku iliyotangulia, baada ya kuonja moja laini iliyonuka soksi na nyingine ngumu, ya chumvi kidogo, nikachukua hiyo ngumu, kipande kizuri. Nikaoka ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa juu ya mfuniko, na ikatoka ya dhahabu, nami nikajiona mtu.

Mama mkwe akaja, akakaa upande wake, mimi upande wangu, kwa heshima, na jirani yetu Mama Agi akaingia kusalimia (kwa kweli alifuata harufu). Nikasimama na kueleza nilivyochagua na kila nilichokiacha, hasa kuku.

"Asante, mkwe wangu," mama akasema, akikigeuza kipande chake. "Na kimeshikwa na nini, hata hakimwagiki?"

"Mayai, mama!" nikajibu kwa fahari. "Mengi!"

Akaiweka sahani chini taratibu. Rispa akafunika uso. Ndipo nikaelewa kwamba asiyekula kuku, kwao, hali mayai pia.

"Baba Timo!" Mama Agi akaangua kicheko. "Umemfukuza kuku mlangoni, ukawaingiza watoto wake kwa dirisha!"

Nyama yote ilikuwa mle ndani. Rispa akaenda kusonga ugali bila kuniangalia, ukaletwa mkavu, hauna kitoweo, nami nikatamani sakafu inimeze. Mama akatazama mezani, akaona kipande cha jibini kilichobaki.

"Na hiki?"

"Maziwa, mama," nikanong'ona. "Yameganda tu. Hayana yai, naapa."

Akamega, akaonja, akafikiri. Kisha akakata tonge la ugali, akalishindilia jibini, akala, akakata jingine.

"Maziwa yaliyozeeka," akasema. "Kama mimi. Rispa, usimnunie mume wako, amenilisha."

Sijapika kishi tena, na sitapika. Mgeni akija namuuliza kwanza anakula nini, ndipo nafungua kitabu. Lakini mama mkwe hakuwahi kurudi Mbotela akakosa ugali wake na kipande cha jibini, ile ngumu, nami nilikuwa nakifuata mjini mwenyewe, sikubali kumtuma mtu.