Kaniki Juu ya Kamera

Evelina wa Ihumwa hakuwa mtu wa kukaa. Umwambie kaa unywe uji, atakaa, lakini mguu mmoja utakuwa nje ya mlango na macho yapo juu ya mapaa. Hasa ikifika Novemba, vumbi likiwa bado jekundu, mawingu yakijikusanya upande wa Mpwapwa na kutawanyika bila kutoa kitu. Hapo studio anaifungua akijisikia, na mwenye haraka ya picha ya pasipoti anakuta kufuli.

Alishika kamera tangu enzi za filamu. Maharusi wa Ihumwa mpaka Chamwino amewapiga yeye, kipaimara yeye, misiba yeye, hata ng'ombe wa mahari. Zote hizo picha za watu. Yake mwenyewe aliyoitaka ilikuwa moja tu, na hakuwa nayo: korongo weupe wanavyotua.

Maana korongo wale wanatoka Ulaya, wanakimbia baridi. Mvua zikikaribia wanapita hapa, wanatua shambani kando ya lambo la maji, wanaokota panzi siku moja, mbili, halafu hao, kusini. Mwaka jana walipotua, Evelina alikuwa Mpwapwa kwenye harusi, anawaambia watu wanyanyue videvu. Aliporudi alikuta manyoya. Aliokota moja akalichomeka juu ya kioo cha studio, na kila akilitazama anasonya.

Mwaka huu akaapa hapokei harusi ya mtu. Akatafuta lenzi ndefu ya mtumba, nene kama mchi wa kutwangia, akaibeba pamoja na stendi yake ya miguu mitatu mpaka lamboni. Shamba lile ni la Matonya, mdogo wa marehemu mumewe. Uwele wake alikwisha kuupanda kavukavu, mbegu ziko chini ya vumbi zinangoja maji. Evelina akasimika stendi, akaelekeza lenzi juu, akaifunika na shuka jeupe kukinga vumbi. Kila asubuhi yupo. Anazunguka mti wa mgunga, anarudi, anafuta lenzi, anazunguka tena. Korongo kimya.

Mawingu yakaja, yakaondoka. Yakaja tena, yakaondoka. Watu wakaanza kuitazama ile stendi kwa jicho la pembeni, na asubuhi moja Matonya akaja na fimbo yake.

"Mbukwa, shemeji."

"Mbukwa. Umekuja kunisalimia au kunifukuza?"

"Vyote viwili. Ondoa huo mzinga."

"Mzinga gani?"

"Huo uliouelekeza mbinguni. Watu wanasema umefunga mvua. Wingu linafika hapa, linaona jicho hilo na shuka jeupe, linageuka."

"Ninachoona mimi ni mzee mzima anaogopa kamera. Siku unaoa ulinibembeleza nikupige, ukataka na nyingine umeshika redio. Leo kamera imekuwa mchawi?"

"Siku ile sikuwa na mbegu chini."

Evelina akauacha utani. Mtu mwenye mbegu chini na mbingu kavu hataniwi.

"Ukitaka kubaki shambani kwangu," Matonya akasema, "hicho kitu kifunike na kaniki. Nyeusi, kama wingu lenyewe. Wazee wetu mvua waliiomba na kitu cheusi, hawakuitishia na shuka jeupe."

"Mimi? Kiongozi wa kwaya ya akina mama, nijifunike kaniki mashambani kama mganga? Hunipati."

"Basi nenda."

Akaenda. Stendi begani, shingo juu, hakugeuka nyuma.

Lakini hapo nyumbani sasa! Anaosha sufuria safi. Anatoka, anaingia. Bati likilia kwa jua anakimbilia uani, anadhani ni mabawa. Kijana mmoja akaja kupiga picha ya pasipoti, Evelina akabonyeza huku anatazama dirishani.

"Mama, mbona sina paji la uso?"

"Utakuwa nalo kesho."

Kesho yake saa za asubuhi akaja mke wa Matonya, Mama Abeli, anahema, kwapani ana kifurushi.

"Dada, wamefika. Wanazunguka juu ya shamba."

Evelina alikwisha kuinua stendi.

"Ngoja! Shemeji yako amesimama pale na fimbo. Kasema akiona shuka jeupe anaivunja miguu yote mitatu." Akafungua kifurushi. "Shika hii. Nimeitoa sandukuni kwake."

Ilikuwa kaniki ya mama mkwe wao, yule bibi aliyewapokea wote wawili katika ukoo. Bado ilinuka moshi wa jiko lake. Evelina akaishika, akaiweka chini, akaishika tena. Nje kivuli cha bawa kikapita juu ya uwanja.

"Naichukua kwa ajili ya vumbi," akasema. "Si kwa ajili ya mvua."

"Sema unavyotaka, twende!"

Korongo walikuwa wanazunguka juu kama pumba za kupepetwa. Matonya akaiona kaniki, akaitambua, akateremsha fimbo na kupisha njia. Evelina akasimika stendi, akajifunika yeye na kamera yake. Ndani joto, jasho linaingia machoni, harufu ya mama mkwe imemjaa puani. Na hapo, kwa mara ya kwanza mwezi ule, akatulia.

Wakashuka. Wa kwanza alitua karibu mno, lenzi ya mbali ikaona ukungu mtupu. Evelina akarudi nyuma kwa magoti, anaburuta stendi, anatukana kimoyomoyo maneno yasiyo ya kwaya. Mwingine akaja, miguu myekundu imening'inia, mabawa wazi. Akabonyeza. Sekunde ile ile upepo ukarusha pembe ya kaniki mbele ya lenzi, na tone zito likapiga vumbi. Likafuata jingine. Akaivua kaniki akaifungia kamera, yeye akabaki analowa.

"Umeona!" Matonya anarukaruka kama ndama. "Umeona kaniki, shemeji!"

"Nimeona korongo. Wamekuja na mvua yao."

"Kaniki!"

"Korongo!"

Mama Abeli alikaa kwenye tope akicheka.

Picha ilikuwa moja. Korongo yumo, miguu chini, mabawa wazi, na upande mmoja mzima ni weusi mtupu. Vijana wa kompyuta wakamwambia mama, kata hapo, ibaki safi. Hakutaka. Akaitundika studio chini ya lile nyoya, na Matonya akipita na wageni wake anawaonyesha ule weusi kwa fimbo: "Hii hapa ndiyo mvua." Evelina anamwacha aseme, halafu anawaonyesha ndege.

Uwele sasa unafika magotini. Korongo waliondoka kesho yake, na Evelina amekwisha kuanza tena kutazama mapaa. Matonya anaidai kaniki ya mama yake. Kila akija anajibiwa kwamba bado haijakauka.