Ndoo Mbili za Mwasumini wa Bibi

Wenzangu tuliokulia Kilwa Kivinje zama za kubeba maji kichwani, mnajua kwamba nyumba ilitambulika kwa harufu kabla hujapiga hodi. Kwa fulani ni samaki wa kukaanga, kwa fulani ni ubani. Kwa Bibi Somoe, mama yake baba, ilikuwa asumini. Mti wake ulikumbatia ukuta wa ua, na maua yakianza kufumbuka magharibi, wapita njia walipunguza mwendo.

Bibi aliulea mwasumini ule kama mtoto wa mwisho. Aliupogoa, akaupa samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri, na maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa kwingine. Hata udhu tulitawadhia palepale shinani. "Msimwage neema kwenye mchanga mtupu," alisema. "Tawadheni penye uhai, nao upate fungu lake."

Kazi yangu ilikuwa ndoo mbili za maji matamu kila alasiri, kutoka kisima cha juu, mbali kiasi cha shingo kuzama mabegani. Kisima cha pwani kilikuwa karibu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, hata sabuni ilikataa kutoa povu. Na alasiri ndiyo ilikuwa saa ya rede, mchezo wetu wa kurushiana mpira. Aliyechelewa rede alikaa pembeni akitazama vumbi la wenzake. Basi nikaanza kuchota kisima cha pwani. Maji ni maji, nilijiambia, na mti hauna ulimi.

Kumbe unao. Baada ya wiki chache majani yaliungua ncha kama yaliyopitishwa motoni, matumba yakadondoka kabla ya kufumbuka. Na shangazi yangu Mwanahawa alikuwa anaolewa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani! Bibi alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba binti yake atavaa kikuba cha asumini za nyumbani, kile kishada cha maua na majani ya mrehani anachobandika mwanamke kifuani.

Wanawake wakaja kuutazama mti kama wanaomtazama mgonjwa. Mmoja akanong'ona kwamba ni jicho. Hapo Bibi akakumbuka kuwa jirani yetu, Bi Tabu, aliwahi kuusifu mti bila kusema mashallah. Tangu siku hiyo Bi Tabu akitoa salamu, Bibi aliijibu huku ametazama sufuria. Na Bi Tabu ndiye aliyekuwa fundi wa kutunga maua wa mtaa. Hakualikwa.

Juma hilohilo mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba kumdhania mwenzio ubaya ni dhambi, na anayejua ukweli akanyamaza ana fungu lake humo. Siku ileile, baada ya kuswali alasiri, nikamfuata Bibi uani.

"Bibi, si jicho. Ni mimi."

"Ala! Wewe una jicho?"

"Nina ndoo."

Nikamweleza yote, nikangoja bakora. Bibi alinitazama, akautazama mti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akajifunga ushungi.

"Twende kwa Tabu. Wewe umeukosea mti, mimi nimemkosea mtu. La kwangu zito zaidi."

Bi Tabu alimsikiliza mpaka mwisho. "Somoe mwenzangu," akasema, "macho haya hayaoni hata tundu la sindano. Yataweza kuua mti?"

"Nisamehe, Tabu."

"Nilishakusamehe. Nilikuwa nangoja tu uchoke kutazama sufuria."

Siku zilizofuata ndoo zikawa nne, zote za kisima cha juu, na rede nikaisikia kwa masikio tu. Wenzangu wa chuoni nao walikuja kutawadha shinani, wakinikejeli: "Mwenye ndoo, leo umekolea chumvi?" Mwenyezi Mungu ni mkarimu. Siku ya harusi matumba mapya yalikuwepo, machache, ya kutosha kikuba kimoja tu. Bi Tabu alitunga, mimi nikimtilia uzi sindanoni, na kila ua aliloshika alitamka "Mashallah!" kwa sauti ya mwadhini, mpaka Bibi akamsihi apumzike.

Siku hizi maji yako bombani, na maua ya harusi ni ya plastiki, hupanguswa vumbi yakarudishwa kabatini. Vijana wetu hulipiga ua picha kabla ya kulinusa. Sisemi kwamba hawapendi maua. Mjukuu wangu Zuhura alileta kutoka Dar vitunguu vya tulipu, ua la nchi za baridi, akavilaza wiki kadhaa kwenye friji, ubavuni mwa samaki wangu, ili vidhani viko kwao. Nusura niviunge kwenye mchuzi. Kimoja kilichipua kwenye chungu, kikatoa ua jekundu mfano wa kikombe cha kahawa. Akalirusha mtandaoni, likasifiwa na watu wa miji nisiyoijua. Siku ya tatu likasinyaa.

"Bibi, hawa watu wamelitupia jicho!" alilalamika, machozi yakimlenga.

Nikakumbuka kwamba bomba letu lilikuwa kavu juma zima, na kisima cha pwani bado kiko karibu. Nikajifunga ushungi, nikamshika mkono.

"Huenda, mjukuu wangu. Lakini kwanza nionyeshe ndoo."